Mradi Ulioishia Nasser Road

Mwaka 2007 mradi wa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu ulikuwa unaishia Nasser Road, Kampala. Ukishauwasilisha mbele ya wahadhiri, unateremka mjini na karatasi zako, fundi anazijalidi kwa jalada gumu, anapiga jina lako kwa herufi za dhahabu, kisha ndani ya jalada la nyuma anabandika bahasha ndogo ya kutilia CD. Msimbo wote wa programu ulikuwa humo. Nakala moja ya idara, moja ya msimamizi, moja ya nyumbani. Baba yangu aliifungia yangu kabatini pamoja na vyeti, na mpaka leo imo.

Tulikuwa watatu, na mradi wetu ulikuwa programu ya kumbukumbu za wagonjwa katika kliniki ya VVU. Umeme ulikuwa wa mgao, maana maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yameshuka mno na mitambo ya Jinja haikutosheleza nchi. Intaneti ilikuja kwa satelaiti, ghali na ya kuchechemea. Mkongo wa chini ya bahari ulifika Mombasa mwaka 2009 tu. Shida hizo tulizizoea. Kilichonikaa moyoni ni kwamba programu yetu ilifanya kazi siku ya uwasilishaji, tukapewa alama nzuri, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kuandikwa ndani yake. Darasa zima lilikuwa hivyo. Mifumo ya maktaba, ya hosteli, ya maduka ya dawa, yote ililala kwenye bahasha zake.

Na hata kama kliniki fulani ingeichukua yetu, isingedumu. Miaka ile mgonjwa wa VVU kwa kawaida alianzishiwa dawa seli zake za kinga, CD4, zikiwa chini ya 200, na namba hiyo ilikuwa imeandikwa katikati ya msimbo. Mwishoni mwa 2009 Shirika la Afya Duniani likaipandisha hadi 350, mwaka 2013 hadi 500, na mwaka 2015 likashauri kila anayegundulika na virusi aanze dawa mara moja. Stavudine, dawa iliyokuwa na safu yake katika jedwali letu, nayo ikaondolewa polepole kwa sababu ya madhara yake. Namba 200 ilikuwa sahihi siku tulipoiandika. Ila tiba haisimami, na programu ya afya isiyo na watu wa kuihudumia huchakaa kabla ya jalada lake.

Nilipoajiriwa katika mradi mmoja wa afya ndipo nilipokutana na OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa kama yetu. Ilianzishwa mwaka 2004 na madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indianapolis, kwa ajili ya kliniki za VVU za Eldoret, magharibi mwa Kenya, na mwezi Februari 2006 ikaanza kutumika huko. Msimbo wake uko wazi: yeyote anausoma, anaubadili, anaupeleka kliniki yake. Kilichonishangaza zaidi ni jinsi ilivyopangwa. Jedwali halina safu ya kila dawa au kila kipimo. Ipo kamusi ya dhana, na kila kinachoonekana kwa mgonjwa, kiwe uzito, CD4 au jina la dawa, kinaandikwa kwa kurejelea dhana iliyomo kwenye kamusi hiyo. Ikija dawa mpya, kliniki inaongeza dhana. Haimtafuti mwanafunzi aliyehitimu akaenda Dubai. Aliyebuni mpango huo alijua toka mwanzo kwamba hatakuwepo siku mambo yatakapobadilika. Kwangu hilo lilikuwa somo kubwa kuliko yote niliyofundishwa darasani, nami nalisema kwa heshima kwa walionifundisha. Leo UgandaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini mwetu, imejengwa juu ya OpenMRS hiyohiyo.

Mpango wa Google uitwao Summer of Code, ulioanza mwaka 2005, uliwaingiza wanafunzi katika kazi ya namna hii, na OpenMRS ilijiunga nao mwaka 2007. Nimewasaidia vijana wa Kampala kuandika maombi yao, na kila mara naona mshtuko uleule. Wamezoea kuandika pendekezo la kujenga "mfumo kamili". Mlezi wa mradi anawajibu kwa upole: chagua hitilafu moja ndogo kwenye orodha, irekebishe, tuone. Hapo kijana anatumia siku nyingi kuelewa msimbo wa watu wengine kabla ya kuandika mistari michache yake mwenyewe. Mistari hiyo inasomwa na mtu aliye nchi nyingine, inarudishwa na maoni, inaandikwa upya, na mwishowe inaingizwa kutoka tawi lake la majaribio hadi kwenye shina, yaani msimbo mkuu. Ratiba inagawanywa kwa wiki, katikati kuna tathmini, na kazi iliyobaki kwenye kompyuta yako haihesabiwi.

Utaratibu huo niliuleta kwa wanafunzi ninaowasimamia sasa nikiwa mhadhiri. Kundi moja lilitaka kujengea kituo cha afya njia ya Entebbe mfumo wa wagonjwa, dawa, mishahara na miadi. Niliwapeleka wakae na muuguzi mkuu. Alikuwa akijaza fomu ya HMIS 105, ripoti ya kila mwezi ya wizara, kwa kuhesabu alama za kalamu katika daftari la wagonjwa wa nje, umri kwa umri, wanawake kwa wanaume. Akawauliza, "Wanangu, hiki chenu kitanipunguzia kuandika au kitaniongezea?"

"Kitakupunguzia, Musawo," mmoja akajibu haraka.

"Basi nihesabieni hizi tu. Mengine mtaniletea nikiwa bado hai."

Mpango ukapungua hadi kurasa mbili: jumla za fomu ile, basi. Nawaambia wanafunzi wote kwamba kukata namna hii ndiyo kazi ngumu ya kupanga.

Ulikuwa mwaka wa korona, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho ndio walioruhusiwa kurudi vyuoni kwanza. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Kazi haikusimama. Git, programu waliyoitumia kutunza matoleo ya msimbo, huhifadhi historia nzima ya mradi katika kila kompyuta, kwa hiyo walipitishiana mabadiliko kwa flash, mtandao uliporudi wakayapandisha yote.

Wiki za mwisho niliwakataza kuongeza kitu chochote kipya. Waliandika maelezo ya kusakinisha, wakampa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyeujua mradi ayafuate peke yake, nao wakakaa kimya. Alikwama, wakaandika upya. Waliweka leseni pia, na hili wengi hulisahau: kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 programu ya kompyuta ni kazi inayolindwa, kwa hiyo msimbo uliowekwa hadharani bila leseni bado ni mali ya mwandishi, mwingine hana ruhusa ya kuugusa. Darasa lililofuata liliupokea mradi likauendeleza.

Vijana wa leo wana mifano tuliyoikosa sisi. Pale Makerere, AirQo ya Profesa Engineer Bainomugisha inapima hewa ya mji tangu 2015 kwa vifaa vilivyobuniwa hapahapa, vingine vikifungwa juu ya bodaboda, na msimbo wake unasomeka na yeyote. Mwanafunzi anaweza kuufungua usiku wa leo.

Ombi langu ni kwa wahadhiri wenzangu, kuanzia Kampala hadi Dodoma na Nairobi. Tengeni sehemu ya alama za mradi wa mwisho kwa makabidhiano: je, maelezo yapo, leseni ipo, na mtu wa pili ameweza kuiendesha programu bila msaada? Na mruhusuni mwanafunzi aendeleze mradi wa mwenzake aliyemtangulia, apate shahada kwa hilo.