Mwalimu wa Chini ya Ardhi

Katika machimbo ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, mchimbaji mgeni hufundishwa kwanza kuusikiliza mwamba. Hupewa mtaimbo mrefu akaambiwa aigonge dari ya shimo kabla ya kuanza kazi. Mwamba ulioshikamana hutoa mlio mkali kama wa kengele. Uliolegea huitika kama ngoma, na huo hauna budi kuangushwa kwa mtaimbo, mtu mwenyewe akiwa amesimama mahali palipo salama, au kutegemezwa kwa magogo. Kuyasema hayo ni rahisi. Kuyafundisha ni kazi nyingine, kwa maana sikio la mtu halifunguki kwa kuambiwa tu. Hata maofisini wamo makarani hodari sana ambao hawawezi kumwonyesha kijana namna ya kupanga mafaili.

Kwa miaka mingi ualimu huo uliwaangukia Waafrika wazoefu, viongozi wa vikundi, walioitwa «bosiboi» hata walipokwisha kuota mvi. Wao ndio waliokaa shimoni na wageni kutoka Msumbiji, Lesotho na Malawi. Lakini cheti cha kulipua baruti hawakupewa. Sheria ya mwaka 1926 ilimfungia Mwafrika mlango huo, wala haukufunguliwa mpaka sheria ilipogeuzwa mwaka 1987. Hivyo ilitokea kijana wa Kizungu kuonyeshwa kazi na mzee wa miaka ishirini ya shimoni, kisha kijana akapata cheti na kuwa bwana wa mwalimu wake. Mtu atafundisha kwa moyo gani hapo? Ajabu ni kwamba wengi walifundisha.

Tena palikuwa na shida ya lugha. Machimboni walisema Kifanakalo, mchanganyiko wa Kizulu, Kiingereza na Kiafrikana. Kilifaa kwa amri: leta, beba, ondoka. Lakini mwalimu hatoi amri tu. Hueleza sababu, naye mwanafunzi hana budi kuuliza. Lugha iliyozoea kuamrisha haimpi mgeni nafasi ya kusema kwamba hajaelewa, naye hujibu «ndiyo» akashuka na ujinga wake.

Tume ya Jaji Leon ilitoa taarifa yake mwaka 1995. Ilieleza kwamba tangu mwaka 1900 hata 1993 wachimbaji zaidi ya 69,000 walikufa katika machimbo ya nchi ile. Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1996, inayomlazimisha mwajiri kumfundisha kila mtu habari za usalama kabla hajaanza kazi, na tena kazi inapobadilika sana. Nayo inampa mchimbaji haki ya kuondoka mahali anapoona pana hatari.

Haki hiyo ndiyo somo gumu kuliko mtaimbo. Mtu aliyefundishwa miaka yote kutii, mwenye watoto wanaongojea mshahara wake, atamwambiaje msimamizi kwamba hataingia? Mkufunzi anayeisoma sheria kwa sauti na kuwapa watu karatasi watie sahihi hajafundisha kitu. Yule ajuaye kazi yake humkabidhi mgeni mtaimbo na kunyamaza. Mgeni hugonga, husikiliza, hugonga tena. Kisha huulizwa, kwa lugha ya mama yake ikiwezekana, amesikia nini; na akijibu kwamba ni ngoma, mkufunzi hujifanya msimamizi mwenye haraka na kumhimiza aingie, apate kuona kama atakataa.