Mtoko wa Wawili: Twende Kisiwa Kisicho na Gari

Ukikaa Ngarenaro, honi za daladala na bodaboda unazizoea. Nisichozoea ni ukimya wa ndani. Mume wangu kapewa uhamisho wa Dodoma na mwezi sasa tunazungumzia bili na gesi tu. Kwa hiyo nimepanga mtoko: Changuu, Zanzibar, kisiwa kisicho na hata gari moja!

Ratiba ni ya wikiendi ya sikukuu. Ijumaa basi la alfajiri hadi Dar, tunalala. Jumamosi boti ya kasi hadi Unguja, mwendo wa takriban saa mbili; vitambulisho mkononi. Jumapili ndiyo siku yenyewe: mashua kutoka Forodhani, kama nusu saa hivi. Bei tunapatana kabla ya kupanda, na tunauliza kabisa kama kiingilio cha kisiwani kimo.

Huko kuna kobe wakubwa, wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kuna pia gereza la miaka ya 1890 ambalo halikuwahi kufunga mfungwa. Kisiwa kikawa karantini.

Jirani yake kuna fungu la mchanga liitwalo Nakupenda. Jina tamu, lakini maji yakijaa linazama, hivyo muulize nahodha saa za maji kupwa.

Simu tutazima. Na wewe kama kuna jambo mnalikwepa nyumbani, lipelekeni huko. Mtu hawezi kusingizia foleni wala kutoka "kidogo tu" na gari.