Kibete Kahawia na Neno "Metali"

Taabu ya mwalimu wa Kiswahili hapa Bukoto haiko katika ngeli peke yake. Mwanafunzi wangu wa jioni, mtu mzima apendaye elimu ya nyota, aliniletea habari ya mwaka 2025 tuifasiri. Ilihusu kibete kahawia kilichopewa jina la utani la "Ajali", kilicho umbali wa miaka ya nuru 53 hivi. Dan Caselden, mpenzi wa nyota tu, alikuwa akitafuta vingine katika picha za darubini. Hiki kikapita pembeni mwa picha.

Kibete kahawia huzaliwa kama nyota, lakini hukosa uzito wa kuunganisha hidrojeni ndani yake, basi hupoa tu. Jina hilo lilibuniwa na Jill Tarter mwaka 1975, wala rangi yake si ya kahawa.

Hilo halikutusumbua. Lililotusumbua ni "metali". Mwanafunzi aliandika "chenye uhaba wa madini", na sarufi yake haikuwa na dosari. Lakini wanajimu wa sayansi huita metali kila elementi isiyo hidrojeni wala heli. Hata oksijeni tuivutayo, kwao ni metali! Na siri yote ya habari ile imelala hapo.

Darubini ya James Webb iliutawanya mwanga wa joto wa kibete hicho, kama mvua itawanyavyo jua la jioni juu ya Ntinda tukauona upinde, ambao Waganda huuita musoke. Kila gesi ya angahewa hunyonya sehemu yake ya upinde huo na kuacha pengo. Katika mapengo hayo ilionekana silani, yaani silikoni iliyoshikana na hidrojeni. Katika Mshtarii ilitafutwa miaka mingi isionekane, kwani huko oksijeni huiwahi silikoni, zikawa mawingu yaliyozama chini sana. "Ajali" kiliundwa yapata miaka bilioni 10 iliyopita au zaidi, oksijeni ikiwa bado haba ulimwenguni. Silikoni ikaambulia hidrojeni.

Sasa, msomaji aliyeambiwa "uhaba wa madini" atawaza chuma na shaba, asielewe kamwe silani imetoka wapi. Nchini Uganda, ingawa Baraza la Mawaziri lilikubali mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, wapo wakishikiliao kuwa ni lugha ya kambini na sokoni tu. Fasiri ya namna hiyo huwapa ushahidi wa bure.

Tukaandika "elementi nzito". Mwenzangu mmoja apinga: mwanafunzi atalikuta "metali" vitabuni, atababaika. Ana haki kidogo. Tumeliweka neno hilo mara moja, na maelezo kando yake.