Kalemie: Sarafu ya babu na funzo la kununua kwa simu

Mwalimu mmoja kijana wa Kalemie, ambaye familia yake ilikimbia kijiji kwa sababu ya vita, alikuwa anatafuta kwa simu sarafu moja tu: franka 5 ya Katanga ya mwaka wa 1961. Babu yake aliitunza ndani ya kopo. Siku ya kukimbia walibeba watoto na sufuria. Kopo lilibaki, nyumba ikachomwa.

Sarafu hiyo ilitolewa wakati Katanga ilipojitenga na Kongo, kati ya Julai 1960 na Januari 1963. Upande mmoja una ndizi, wa pili una msalaba wa shaba, ule ambao wazee wa zamani walitumia kama pesa.

Mara ya kwanza aliona kwenye intaneti picha ya upande mmoja. Muuzaji aliandika kwamba sarafu ni adimu sana na wateja wengine wanangoja. Mwalimu akatuma dolari 40 bila kuuliza kitu, pesa ya masomo ya mdogo wake. Ilipofika, iling'aa kama kitu cha jana. Alichukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa; sarafu ikanasa. Ya kweli ni shaba iliyochanganywa na bati, na sumaku haiivuti. Muuzaji hakujibu tena.

Bibi aliishika, akairudisha: «Mjukuu wangu, hii si ile.»

Karibu mwaka mzima ulipita. Safari ya pili alilinganisha kwanza bei za wauzaji wengi, akaona kwamba ile ya shaba si adimu. Ya dhahabu ndiyo ghali. Aliomba picha za pande zote mbili na uzito, akauliza kama inaweza kurudishwa. Wawili walinyamaza, akawaacha. Wa tatu alijibu yote, akauza kwa dolari 6. Ndugu mmoja aliileta kutoka Lubumbashi.

Ilikuwa nyeusi, yenye mikwaruzo. Mwalimu alitaka kuisugua kwa ndimu, lakini muuzaji alikuwa amemwonya: sarafu ya zamani ikisuguliwa hupoteza thamani. Akaiacha hivyo.

Bibi aliigeuza mkononi. Haikuwa ile ya mume wake, na alijua. Lakini watoto waliozaliwa kambini walisogea, wakauliza hizo ndizi ni za nini, naye akaanza kuwaeleza kijiji chao.