Sufuria Moja

Paka alizalia ndani ya boksi la rasimu zangu. Lilikuwa chini ya kitanda, limejaa kurasa ambazo msimamizi wangu alizichafua kwa wino mwekundu, na siku niliyoinama kutafuta sura ya pili nikakuta vitoto vinne vimelala juu yake, macho bado hayajafumbuka. Mama yao hakuwa wangu. Alikuwa paka wa uani, wa wapangaji wote na wa asiye mpangaji, mwenye tabia ya kuingia dirishani nikiwa darasani. Sikumfukuza. Wiki sita baadaye bodaboda ikamgonga, nami nikabaki na watoto wanne katika chumba kimoja huku Changanyikeni, nyuma ya chuo.

Niliwapa majina ya tasnifu: Utangulizi, Mapitio, Mbinu na Matokeo. Matokeo alikuwa mdogo kuliko wote, mweupe, mwenye doa jeusi sikioni. Nilimpa jina hilo kwa utani, kwa kuwa sura ya matokeo ndiyo niliyokuwa mbali nayo zaidi.

Kuhusu chakula sikuwa na wasiwasi. Nimekulia Kilosa, kwa bibi, na kwa bibi paka hakununuliwa chakula. Jioni tukimaliza kula, bibi alikwangua ukoko wa ugali, akaulowesha kwa mchuzi uliobaki, akamwekea paka nje ya mlango wa jiko. Paka yule aliishi miaka mingi na manyoya yake yaling'aa. Kwa hiyo nami nikasonga ugali laini, nikanunua na nusu lita ya maziwa ya ng'ombe, kwa sababu kila kitabu cha watoto nilichosoma kilikuwa na picha ya paka na kisahani cha maziwa. Walikunywa hadi ndevu zikadondosha. Nilipiga picha.

Usiku wa pili walianza kuhara. Nikadhani ni kuzoea chakula kipya. Siku ya tatu Utangulizi na wenzake wawili walikuwa bado wanarukarukia kamba za viatu vyangu, lakini Matokeo alijikunja pembeni. Nilikuwa na mada ya kuwasilisha kwenye semina, nikasema nikirudi nitamtazama. Niliporudi saa kumi na moja jioni ngozi ya shingo yake, nikiivuta, ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Alikufa kabla ya alfajiri. Nilimzika chini ya mwembe wa uani kwa kutumia mwiko wa ugali, kwa sababu sikuwa na jembe.

Asubuhi ile mama alikuwa amenitumia 50,000. Mama anauza maandazi na maharage karibu na stendi, na fedha ile ilikuwa na maelezo yake: nile. Kazi ya kuhariri niliyoifanya miezi miwili kabla ilikuwa haijalipwa, na mama alikuwa ameisikia njaa kwenye sauti yangu ingawa nilimwambia kila jioni kwamba nimekula. Nilichukua fedha hiyo, nikawatia paka watatu kwenye kikapu cha sokoni, nikapanda daladala.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Umewalisha nini?"

Nilimweleza. Nilipoona uso wake nikajitetea kwa paka wa bibi. Daktari wa mifugo alikuwa mtu mzima, mpole, huenda baba wa wasichana wa umri wangu. Akauliza, "Kwa bibi kulikuwa na ghala la mahindi?"

"Lilikuwepo."

"Na panya?"

"Wengi."

"Basi mwanangu, ugali ule ulikuwa kitafunwa tu. Mlo wake alikuwa anautafuta mwenyewe usiku."

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko mengi niliyosikia darasani mwaka huu. Miaka yote niliamini kwamba paka wa bibi aliishi kwa makombo, kwamba ni kiumbe asiye na gharama. Kumbe gharama yake ililipwa gizani, na panya, mijusi na ndege, nasi tukajipongeza kwa ukoko. Paka wangu walikuwa ndani ya chumba cha ghorofa ya kwanza chenye sakafu ya vigae. Hapakuwa na ghala. Kila kitu ambacho panya angewapa, sasa nilipaswa kukitoa mimi.

Na panya ana mengi. Daktari alinieleza huku akiwapa dawa ya minyoo: paka ni mla nyama kwa umbile, si kwa kupenda tu. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, hasa kwenye misuli inayofanya kazi sana kama moyo. Akikikosa kwa muda mrefu anaweza kupofuka, au moyo wake ukatanuka na kuchoka. Sisi tunaweza kupata vitamini A kutoka kwenye karoti. Paka hawezi, anaihitaji ikiwa tayari imetengenezwa, kama ilivyo kwenye maini. Lakini maini yakizidi nayo yanaharibu mifupa. Nyama tupu bila mfupa haina kalsiamu ya kutosha, na mtoto wa paka anayekula steki tupu anaweza kupinda miguu. Maziwa ya ng'ombe yana sukari ambayo paka wengi aliyeacha kunyonya tumbo lao haliwezi kuivunja, na kuhara kunamkausha mtoto haraka. Kuhusu Matokeo hakusema kitu, wala sikumuuliza.

Nilitoka na 12,000 mkononi. Nyingine zilikwenda kwenye dawa, kupimwa uzito na nauli. Jioni mama alipiga.

"Umekula nini leo?"

"Wali na samaki, mama."

Sikuwa nimekula kitu tangu chai.

Kilichofuata ni wiki tatu za hesabu. Nilianzia dukani, kwenye pakiti za chakula kikavu. Pakiti ya gramu 400 iliyoandikwa kwamba ni ya paka wanaokua ilikuwa 9,000. Watoto wangu watatu, kwa jedwali la nyuma ya pakiti, walihitaji gramu 160 hivi kwa siku wote pamoja. Hiyo ni 3,600 kwa siku, 108,000 kwa mwezi. Kodi yangu ni 80,000. Muuza duka akaniona nimeduwaa, akanionyesha gunia jingine lililo wazi. "Dada, chukua hiki cha mbwa, nusu ya bei. Ni kilekile." Siyo kilekile. Mbwa wengi hujitengenezea taurini wenyewe, kwa hiyo chakula chao hakilazimiki kuwa nayo. Nilijua hilo kwa sababu siku zile nilikuwa nikisoma habari za paka kuliko za isimu. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba ugonjwa wa moyo uliokuwa ukiua paka ulihusiana na upungufu wa taurini, na kwamba wengi wao walipona walipoongezewa. Paka wale hawakuwa wa mtaani. Walikuwa wanakula chakula cha dukani, na ndipo watengenezaji wakaongeza taurini kwenye vyakula vyao. Jambo hilo lilinifariji kidogo: hata wenye maabara waliwahi kukosea sahani ya paka.

Kulikuwa pia na mfuko wa kilo 10, shilingi 110,000. Nilipiga hesabu nikacheka peke yangu dukani. Ungetosha siku 62, chini kidogo ya 1,800 kwa siku, nusu ya bei ya pakiti ndogo. Aliye na 110,000 kwa mkupuo analisha paka kwa nusu ya gharama ya asiye nazo. Mimi sikuwa nazo.

Kwa hiyo nilitafuta njia ya kufika 1,800 kwa miguu. Duka moja la dawa za mifugo lilinipimia chakula kikavu kwa mzani, 14,000 kwa kilo; nikapanga gramu 60 kwa siku, 840. Dagaa wa Mwanza nilipata sokoni Mwenge kwa 8,000 kilo. Gramu 70 kwa siku, 560. Kwa mama anayeuza kuku wa kukatwa vipande nikachukua mioyo ya kuku, gramu 50 kwa siku, 400. Jumla 1,800. Mama yule aliniuliza mbona nachukua mioyo tu kila wiki. Nilipomwambia, akacheka hadi akashika meza, kisha akaniongezea vipande viwili vya maini bila kupima. "Wape na hayo, dada. Kidogokidogo lakini."

Dagaa wana kazi yao. Wale wa Mwanza wengi huanikwa mchangani kando ya ziwa, kwa hiyo unawaloweka kwenye maji ya uvuguvugu, unawatikisa, unamwaga, unarudia, mpaka kidole kikigusa chini ya beseni kisikute chembe. Nilijaribu pia dagaa mchele wa pwani, lakini hao mara nyingi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na hata baada ya kuwaloweka ulimi wangu ulinikataza. Samaki wabichi sikuwapa, kwa sababu baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukimaliza. Faida kubwa ya dagaa ni kwamba ni mnyama mzima: kichwa, utumbo na mifupa laini inayotafunika. Kati ya vyote vilivyopatikana sokoni kwa fedha yangu, ndiye aliyemkaribia panya.

Nilikuwa nachemsha dagaa na mioyo pamoja, bila chumvi, kwenye maji kidogo. Maji yale sikuyamwaga, kwa kuwa taurini huyeyukia humo. Niligawa mara nne kwa siku, matumbo yao ni madogo. Mizani ya jikoni niliazima kwa jirani anayeoka keki. Kila Jumapili niliwapima, nikaandika kwenye daftari lilelile la tasnifu. Mbinu aliongezeka gramu 90 wiki ya kwanza. Mapitio 85. Utangulizi, mlafi, 110. Nililia kwa ajili ya gramu 110.

Mimi sikujipima. Nilikuwa nashindia chai ya rangi na andazi, na jioni nikala ugali kwa mchicha wa shilingi 300. Sikuona ajabu. Mpaka siku moja mama mwenye nyumba alipita mlangoni, akaniona nimechuchumaa nagawa mioyo ya kuku kwenye vifuniko vitatu vya makopo, akasema, "We binti, hao paka wanakula kukuzidi. Mama yako anajua?"

Alisema kwa utani. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa nimemcheka bibi kwa kuamini kwamba paka anaishi kwa ukoko, na huku nilikuwa namfanya mama yangu aamini kwamba mimi naishi kwa wali na samaki. Yeye aliamka saa tisa usiku kukanda unga ili nile. Nikachukua unga ule, nikanunua dawa ya minyoo, nikamlipa kwa uongo wa kila jioni. Sikujutia dawa. Nilijutia wali na samaki.

Nilimpigia asubuhi, kabla hajaenda stendi. Nilimweleza yote: boksi, maziwa, Matokeo, mwiko, daktari, zile 38,000. Alinyamaza muda mrefu. Nilisikia mafuta yakichemka nyuma yake.

"Kwa hiyo umekaa wiki nne huli."

"Nakula, mama. Kidogo."

"Na paka wanakula dagaa."

"Ndiyo."

"Dagaa wa kununua."

"Ndiyo, mama."

Akavuta pumzi. "Mwanangu, dagaa umeshawaosha. Moto umeshauwasha. Sasa unashindwaje kula dagaa haohao?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakosa la kusema. Katika hesabu zangu zote, kwenye safu za gramu na shilingi, sikuwa nimeweka safu yangu.

Siku hizi napika mara moja. Nawachemsha dagaa wengi zaidi, bila chumvi, bila kitunguu, kwa sababu kitunguu, hata kikiwa kimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Natoa fungu lao na maji yao, naacha lipoe. Kisha kwenye sufuria hiyohiyo naweka mafuta, kitunguu, nyanya, chumvi na ndimu, narudisha dagaa waliobaki, nasonga ugali wangu. Tunakula karibu wakati mmoja, wao kwenye vifuniko, mimi kwenye sahani, na Utangulizi akimaliza cha kwake huja kunitazama kama mkaguzi. Simpi. Changu kina kitunguu.

Malipo ya kuhariri yalikuja mwezi uliofuata, nusu. Nilinunua mfuko wa kilo 10, nikamrudishia mama 38,000. Alizikataa, nikazituma tena, akazikubali. Sura ya matokeo bado sijaimaliza.

Bado anapiga kila jioni, na swali ni lile.

"Umekula nini?"

"Dagaa, mama."

"Na wao?"

"Na wao."