Jiwe la Baba

Muhula wa kwanza, mwalimu wetu, mwenyeji wa Mwanza, alimwuliza kila mwanafunzi kazi ya wazazi wake. Nikajibu, "Baba anafanya kazi ya mwalo." Alifurahi. "Kumbe wewe ni mtoto wa mvuvi!" Sikuelewa. Jioni mwenzangu wa Musoma akanieleza kuwa kwao mwalo ni mahali mitumbwi inapofikia na samaki kushushwa.

Mimi natoka Goma. Nyumbani kwetu mwalo ni jiwe. Neno lenyewe tulilichukua kwenye Kifaransa, moellon, neno la waashi wa zamani: jiwe la kujengea lililochongwa kidogo tu, ambalo mtu mmoja anaweza kulibeba. Mawe hayo hatuyakosi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Ilipopoa ikawa mwamba mweusi, na watu wakaanza kuuvunja ili wajenge upya juu yake. Baba ni mmoja wao. Hupasua kwa mtaimbo na nyundo kubwa, kisha hukaa chini na patasi.

Sikumsahihisha mwalimu. Mvuvi ana mtumbwi. Mvunja mawe, machoni pa watu, ana vumbi tu. Basi muhula mzima Baba akawa mvuvi.

Kisha tukapewa insha kuhusu kazi za wazazi. Nikaenda kwa mwalimu kukiri. Alicheka, akaniambia niandike "jiwe la kuchonga." Sikuridhika, nikampigia Baba simu.

"Ile hapana kuchonga," alisema. "Ya kuchonga ni ya kanisa, pande zote sawa. Yangu ni kupunguza tu."

Akaeleza kuliko nilivyomwomba. Husawazisha uso mmoja, ule utakaoonekana nje ya ukuta. Ubavuni huondoa ncha ili mawe yakaribiane. Mgongo huuacha ulivyo, kwa kuwa saruji hushika vizuri palipo na mashimo, na jiwe la lava ni mashimo matupu. Hakuwahi kuniambia haya, wala mimi sikuwahi kumwuliza, ingawa nimekua nikisikia nyundo yake tangu alfajiri.

Niliandika "jiwe la kupunguza." Mwalimu alilizungushia kalamu nyekundu na kuweka alama ya kuuliza. Siku iliyofuata akanisimamisha mbele ya darasa nieleze. Nilianza na uso, nikaja ubavuni, nikamalizia na mgongo, mikono yangu ikionyesha kila pigo kama ya Baba.