Nyonga za Watelezaji: Vail na Bern

Vail, Colorado, uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani huhema kabla hajafika hotelini. Mabasi ya mji ni ya bure, na msimu wa theluji hubeba abiria wa aina mbili: wenye mbao za kutelezea mabegani na wenye magongo kwapani. Mlima na zahanati ya mifupa vinalisha mji mmoja. Daktari Richard Steadman alihamia hapa mwaka 1990, na Marc Philippon, bingwa wa nyonga, akaja 2005.

Huko Uswisi, uliko mji wa Bern, anayeumia vibaya juu ya vijiji vya Wengen au Grindelwald huchukuliwa na helikopta ya Rega, shirika la uokoaji lililoanzishwa 1952. Huko Vail nilimwona majeruhi akishushwa kwa machela ya kuburuza, kafungwa mikanda hadi kidevuni, mwokoaji katangulia ameshika mipini, akipinda kushoto na kulia bila haraka yoyote. Binafsi ningechagua machela.

Lakini nyonga nyingi haziharibiki kwa kuanguka mara moja. Mtelezaji hushuka ameinama, magoti na nyonga vimekunjwa, huku akizungusha paja kila kona. Mwenye kinundu cha mfupa pale shingo ya paja inapoanzia huumia zaidi: kinundu kinasaga ukingo wa kikombe cha nyonga kama mlango uliovimba kwa mvua unavyokwangua fremu. Utepe laini unaouzunguka ukingo huo, labramu, unachanika, na gegedu la pembeni linaanza kubanduka.

Aliyeeleza vizuri balaa hili ni daktari wa upasuaji Reinhold Ganz wa Bern, kwa makala ya mwaka 2003 aliyoandika na wenzake. Alikuwa ameliona kwa macho. Upasuaji wake ni wa kufungua hasa: unakatwa mfupa ulio ubavuni mwa paja, kichwa cha paja kinachomolewa kikombeni, na mshipa unaokilisha damu unalindwa usiguswe. Mwaka 2001 yeye na wenzake waliripoti nyonga 213 zilizofanyiwa hivyo, na hakuna kichwa hata kimoja kilichokufa kwa kukosa damu. Mama mmoja kwenye treni ya kutoka Interlaken alinionyesha kovu lake kwa kupima hewani kwa viganja viwili, urefu wa samaki wa kutosha familia.

Huko Vail kazi hiyohiyo hufanywa kwa matundu mawili au matatu, kila moja kama sentimita 1. Mgonjwa hulazwa, akapigwa nusukaputi, mguu ukafungwa kwenye buti na kuvutwa hadi kiungo kipanuke kama sentimita 1, eksirei ikionyesha. Kamera yenye lenzi iliyoinama nyuzi 70 inapita upande mmoja, vyombo upande mwingine. Labramu inashonwa kwa nyuzi zilizotiwa nanga mfupani, kinundu kinasagwa. Kuvuta huko hakutakiwi kuzidi saa 2 hivi, maana neva za kinena hubanwa na mtu akaamka na ganzi mahali asipopenda kupataja.

Sifa za matundu madogo zinatiwa chumvi. Ngozi hupona upesi, labramu haijui kwamba tundu lilikuwa dogo. Kijana mmoja ndani ya basi, makovu yake yakifunikwa na plasta mbili, alikuwa bado anakanyaga kwa uzito wa kilo 10 tu na kuendesha baiskeli isiyokwenda popote. Mbao zake zitasubiri miezi.

Na pande zote mbili eksirei ndiyo inayoamua. Nafasi ya kiungo ikishapungua hadi milimita 2 au chini, gegedu limekwisha, na madaktari wengi hawatoboi tena. Wanazungumzia nyonga ya chuma. Yule mama wa treni alishawekewa. Bado anateleza, miteremko myepesi, na mjukuu wake humsubiri chini akilalamika.